Wachina wa Delft

Kwa bibi yangu, Tanga, kulikuwa na kabati la vioo ambalo sisi watoto tulikatazwa hata kuliegemea. Ndani yake, katikati ya vikombe vya arusi na birika ambalo halijawahi kutia chai, ilisimama sahani moja ya buluu na nyeupe. Mti umeinama juu ya maji, daraja lina watu watatu, nyumba ina mapaa yaliyopinda ncha, na juu kabisa ndege wawili wanaangaliana. Bibi alisema ni sahani ya Kichina. Yeye alikuwa na uhakika, na sisi tukawa na uhakika wa kuazima kwake. Mgeni akija tunamwonyesha kwa kidole: ile pale, ya Kichina.

Nilipopata akili nikaigeuza. Nyuma yake pana muhuri: imetengenezwa Uingereza. Baadaye nikaja kusoma kwamba mchoro ule ulibuniwa na Waingereza kwenye miaka ya 1790, kwa kuokota mti huku na daraja kule kutoka vyombo vya Kichina na kuviunganisha kama mshona viraka. Hata ile hadithi ya wapenzi waliokimbia na kugeuka ndege, ambayo watu wanaieleza kwa machozi, ilitungwa hukohuko Uingereza baada ya sahani kuwa tayari. Mchina hana habari.

Sahani hiyo imenijia kichwani kwa sababu ya kikao chetu cha waandishi chipukizi, wiki tatu zilizopita. Mshikaji mmoja, jina lake naliacha, alisoma hadithi yake fupi. Ilihusu mtu anayerudi kijijini na kukuta hakuna anayemkumbuka. Alipomaliza palikuwa kimya, halafu sauti kutoka nyuma ikasema: "Hii kopi." Ikatajwa hadithi ya mwandishi wa kigeni ambayo wengi wetu tumeisoma. Watu wakacheka. Jamaa akakunja karatasi zake mara mbili, akaziweka mfukoni, na tangu siku hiyo hajaonekana. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake, na sikusema kitu.

Leo nasema, ila nitazunguka kidogo. Nataka kusimulia habari za mji mmoja mdogo wa Uholanzi, Delft, uliokula, ukavaa na kujenga kwa kukopi. Lakini ili tufike Delft inabidi tupite Basra, na Basra si mbali na sisi kama unavyodhani.

Karne ya 9, Basra ya Iraki ilikuwa bandari ya dunia. Kutoka Uchina zilikuja bakuli nyeupe, ngumu, ukizigonga kwa ukucha zinalia kama kengele. Matajiri wakazipenda. Wafinyanzi wa Basra wakatazama mikono yao, wakatazama udongo wao: wa rangi ya mchanga, laini, ukiupandisha moto kama wa Wachina unalegea na kuanguka ndani ya tanuri. Wachina walikuwa na udongo mweupe na tanuri za kufika nyuzi 1,300. Wao hawakuwa na hiki wala kile.

Basi wakafanya ujanja. Kama huwezi kuwa mweupe mpaka mfupani, vaa kanzu nyeupe. Walichukua bati na risasi (bati hapa si yale mabati ya kuezekea, ni madini ya bati yenyewe, yanayopakwa ndani ya makopo ya maziwa), wakayachoma pamoja mpaka yakawa majivu, wakayasaga na mchanga na kuyakoroga na maji mpaka yakawa kama uji mwepesi. Chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja kinachovywa humo, kinakaushwa, kinarudishwa tanurini. Uji ule unayeyuka na kuwa ngozi ya kioo, ambayo wenye fani wanaiita glezi. Glezi ya risasi peke yake huonyesha ndani kama dirisha, ila punje ndogondogo za bati zinaizuia isionyeshe, na udongo wa rangi ya mchanga unapotea chini ya weupe kama wa maziwa. Kwa mbali huwezi kutofautisha. Kwa karibu utatofautisha, hasa chombo kikibanduka ukingoni.

Halafu wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. Bakuli za Kichina walizokuwa wakiziiga zilikuwa nyeupe tupu. Mafundi wa Basra wakachukua brashi na rangi ya kobalti, wakachora juu ya ule weupe: jani la mtende, nusu ua, mstari mmoja wa maandishi ya Kiarabu. Buluu juu ya nyeupe. Yaani kile ambacho wewe na mimi na bibi yangu tunakiita "Kichina" bila kufikiri mara mbili, mikono ya mapema tunayoifahamu ikikifanya ni ya Basra.

Mwaka 1998 wavuvi wa Indonesia waligundua mabaki ya jahazi karibu na kisiwa cha Belitung. Lilizama karne ya 9 likitoka Uchina kurudi magharibi. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kama ulivyoshonwa mtepe wa Lamu. Ndani yake kulikuwa na vyombo vipatavyo 60,000, na katika hivyo vyote, sahani tatu za Kichina zenye michoro ya buluu juu ya nyeupe, za mwanzo kabisa kupatikana nzima. Michoro yake ni ya mtindo wa Iraki. Kumbe wakati Basra inamwiga Mchina, Mchina naye kashaiona soko na anaiga kuiga kwa Basra! Karne tano baadaye, Jingdezhen ilipoanza kutoa vyombo vya buluu na nyeupe kwa maelfu, kobalti nyingi nzuri ilitoka Uajemi, na Wachina wenyewe waliiita buluu ya Waislamu.

Vyombo hivyo vya Basra vilifika kwetu. Vipande vyake vimechimbuliwa Shanga na Manda kwenye visiwa vya Lamu, na Unguja Ukuu. Merikebu zilizovileta hazikurudi tupu. Mwaka 869 watumwa waliokuwa wakichimbua chumvi kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki waliasi, na mwaka 871 waliuvamia mji wa Basra na kuuchoma. Waarabu waliwaita Zanji, jina walilowaita watu wa pwani yetu. Wanahistoria bado wanabishana ni wangapi kati yao walitoka huku hasa. Maasi yalidumu miaka 14. Nalisema kwa kupita tu, lakini kila nikiona kipande cha bakuli la Basra kwenye kioo cha makumbusho nashindwa kulisahau.

Ujuzi wa bati ukasafiri. Ukapita Misri, ukafika Hispania ya Waislamu, Málaga, halafu Manises karibu na Valencia. Waitalia wakanunua sana, na kwa kuwa mizigo ilipitia kisiwa cha Majorca, wakaviita vyombo hivyo maiolica, kisha wakajifunza kuvitengeneza wenyewe. Mji wa Faenza ukawa maarufu mno mpaka Wafaransa wakavipa jina lake: faience. Mwanzoni mwa karne ya 16 fundi wa Kiitalia, Guido da Savino, akahamia Antwerp na ujuzi wake. Mwaka 1585 jeshi la Hispania liliiteka Antwerp, na Waprotestanti wengi, wakiwamo wafinyanzi, wakafungasha virago kwenda kaskazini. Hivyo ndivyo mapishi ya Basra yalivyoingia Uholanzi, mikononi mwa wakimbizi.

Sasa sikia jinsi Mchina naye alivyoingia.

Februari 1603, karibu na Singapore, manahodha wa Kiholanzi walilikamata jahazi kubwa la Wareno liitwalo Santa Catarina. Mwaka 1604 shehena yake ilinadiwa Amsterdam. Kulikuwa na hariri, na kauri za Kichina zinazokadiriwa kufikia laki moja. Ulaya nzima ikawehuka. Mfalme Henri wa 4 wa Ufaransa akanunua, James wa Kwanza wa Uingereza akanunua. Tuiite kwa jina lake: mali ya kupora, chini ya mizinga. Mpaka leo Waholanzi huziita kauri za aina ile kraak, jina ambalo wengi wanalihusisha na karaka, aina ya majahazi ya Wareno yaliyozibeba. Kampuni yao ya India ya Mashariki, VOC, iliyoundwa mwaka 1602, ikaanza kuleta kauri kwa mamilioni. Mwaka 1635 ilipeleka Uchina vielelezo vya mbao vilivyochongwa kwa maumbo ya vyombo vya Ulaya, ili Mchina afinyange kile ambacho meza ya Mholanzi inakitaka.

Kisha mwaka 1644 dola ya Ming ikaanguka. Vita vikafika mpaka kwenye tanuri za Jingdezhen, na kufikia mwisho wa miaka ya 1640 kauri zilikuwa haziji tena kama zamani. Huku Ulaya watu walikwisha kuzoea. Ni kama kumzoesha mtu chai ya maziwa miaka 40, kisha asubuhi moja unamwambia maziwa hakuna.

Delft wakati huo ulikuwa mji wa bia, na bia ilikuwa inakufa. Siku za neema ulikuwa na viwanda vya bia zaidi ya mia, sasa vingi vimefunga milango. Tarehe 12 Oktoba 1654 ghala la baruti lililipuka katikati ya mji, robo ya mji ikasambaratika, zaidi ya watu mia wakafa, akiwamo mchoraji Carel Fabritius aliyekuwa na miaka 32. Majengo ya bia yaliyobaki yalikuwa makubwa, yako kando ya mifereji, maji yapo, mashua inafika mlangoni. Wafinyanzi wakahamia humo. Majina mengine ya kale yalibaki juu ya milango, mengine yakaongezwa, na ukiyasoma utacheka: Chungu cha Chuma, A ya Kigiriki, Waridi, Chupa ya Kauri, Mapipa Matatu ya Majivu ya Kauri. Hakuna hata kiwanda kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kinatengeneza kauri. Walitengeneza udongo wa njano uliovishwa bati. Lakini kwenye matangazo yao waliandika kauri, bila haya, wala jicho halikupepesa.

Twende ndani tukaone kazi, kwa sababu watu wanaosema "kopi" kwa wepesi mara nyingi hawajawahi kusimama karibu na anayekopi.

Udongo wa Delft peke yake haukutosha. Walichanganya aina tatu: wa hapohapo, wa Tournai kusini, na wa maeneo ya mto Rhine. Ule wa Tournai una chokaa, na chokaa ndiyo inayosaidia glezi ishike bila kupasuka. Udongo unaoshwa, unachujwa, unaachwa ukomae. Unafinyangwa kwenye gurudumu au kubanwa kwenye kalibu, unachomwa mara ya kwanza, unachovywa kwenye uji wa bati. Ukikauka, chombo kina vumbi jeupe juu, kama ukuta uliopakwa chokaa ikakauka. Hapo ndipo mchoraji anakaa.

Vumbi lile linanyonya. Brashi ikigusa tu, rangi imezama. Hakuna kufuta. Hakuna kukata mstari ukaandika juu yake kama tufanyavyo sisi kwenye daftari. Mkono ukitetemeka, chombo kimeharibika, au kinauzwa hivyohivyo kwa bei ya kutupa. Ili kujisaidia, walikuwa na karatasi yenye mchoro uliotobolewa kwa sindano kwenye kila mstari. Unaiweka juu ya sahani, unaigongagonga na kifuko cha unga wa mkaa, unaiondoa: mchoro umebaki kwa nukta nyeusi hafifu. Mkaa utaungua tanurini usionekane tena. Karatasi ileile ilitumika kwa sahani nyingi. Fundi huanza na mistari ya nje kwa buluu nzito, kisha anajaza kwa buluu ya maji. Mwisho wananyunyiza tabaka nyembamba ya glezi angavu, waliyoiita kwaart, ili chombo kimeremete kama kauri yenyewe. Vinapangwa ndani ya masanduku ya udongo, visiguswe na moshi, na tanuri inafungwa. Moto kama nyuzi 1,000. Ukifungua, unaweza kukuta utajiri au jalala.

Sasa fikiria huyo mchoraji. Hajafika Uchina na hatafika. Mbele yake ana bakuli moja la kraak lililotoka mnadani. Anaona mtu mwenye mwavuli: anamchora, lakini uso unatoka wa mjomba wake wa Rotterdam. Anaona mwamba wa ajabu, hajui ni mwamba, anauchora kama sponji. Anaona maandishi, hayasomi. Anachora vijiti vinavyofanana na maandishi, na mpaka leo mtu anayejua Kichina akivitazama haambulii hata neno moja. Wale wanawake warefu wembamba wa kwenye kauri, Waholanzi waliwaita kwa utani Lange Lijzen, akina Liza Warefu. Hawakujua ni akina nani, wakawapa jina la jirani.

Nitakuwa mkweli: nyingi ya kazi hizo ni za kuchosha. Delft ilipofikia kilele, karibu na mwaka 1700, ilikuwa na viwanda zaidi ya 30, na huwezi kuniambia kila sahani ilipakwa rangi kwa mapenzi. Ukitazama picha zake hamsini mfululizo unachoka kama uliyesikiliza nyimbo za bendi moja kwenye basi la kwenda Mwanza. Kulikuwa na mafundi waliokopi kwa sababu hawakuwa na kingine cha kusema, wakalipwa, wakaenda zao nyumbani.

Lakini katikati ya kuchoka huko, kitu kinaanza kuota. Adrianus Kocx, mwenye kiwanda cha A ya Kigiriki, alitengeneza kwa ajili ya Malkia Mary wa 2 wa Uingereza minara ya maua, baadhi yake bado iko Hampton Court. Ni vyombo vya ghorofa, zaidi ya mita moja kwenda juu, kila ghorofa ikitoa midomo pande zote, na kila mdomo wa kutilia ua moja. Umbo lake linakumbusha pagoda ya Kichina, ambayo Waholanzi waliifahamu kupitia vitabu vya wasafiri. Uchina haikuwa na chombo kama hicho. Mchina angeuliza: hiki ni cha nini? Frederik van Frytom alichora kwenye sahani mashamba ya Kiholanzi, miti na mawingu, na pambizo yote akaiacha nyeupe tupu. Kwenye vigae vya ukutani mambo yalikwenda mbali zaidi. Katikati ya kigae unamkuta mtoto anacheza gololi, mvuvi anavuta wavu, meli imejaza tanga. Mchina amesogezwa pembeni, kabaki kwenye kona nne kama pambo, kisha hata kona zikabadilika. Chunguza picha ya Vermeer ya mwanamke anayemimina maziwa: chini ukutani, nyuma ya miguu yake, kuna mstari wa vigae hivyo, vimechorwa vidogo sana. Vermeer alikuwa mtu wa Delft, na chama chake cha mafundi, cha Mtakatifu Luka, ndicho kilichokuwa chama cha wafinyanzi pia.

Kisha gurudumu likageuka. Kampuni ya VOC, baada ya Jingdezhen kuvurugika, ilihamishia maagizo yake Arita, Japani. Na huko Arita wachoraji wa Kijapani wakaletewa mfano wakauiga: mandhari ya Kiholanzi ya Frytom, pambizo nyeupe na vyote. Mjapani ambaye hajafika Uholanzi anachora kanisa la Kiholanzi juu ya kauri halisi, kutoka sahani ya bati iliyotengenezwa na watu waliojifunzia kwenye kauri ambazo hawakuweza kuzitengeneza. Niambie sasa kopi ni ipi.

Hata wao walikuja kuona uchungu. Mwaka 1764 wenye viwanda vya Delft waliandikisha alama zao rasmi kwa wakuu wa mji, ili mtu mwingine asizitumie. Watu waliojaza maandishi ya Kichina ya uongo chini ya sahani zao kwa miaka mia, sasa wanapiga kelele wanaibiwa sahihi! Siwacheki sana. Nimewahi kukuta shairi langu ukutani kwenye saluni moja, chini limeandikwa jina la mtu mwingine, na usiku ule sikulala.

Pana jambo moja linalonikera katika habari hii yote. Mholanzi alipoazima, mwisho wake umeitwa sanaa ya Delft, imewekwa kwenye vioo vya Rijksmuseum, na watu wanalipa kiingilio. Kijana wa Kariakoo akiazima, jina lake ni feki. Tofauti ni nini? Sehemu moja ni ule ustadi nilioueleza, nakubali. Sehemu nyingine ni kwamba Mholanzi alikuwa na mizinga kwenye meli na kampuni yenye majeshi, na mwenye mizinga haulizwi risiti. Tazama kitenge. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, na kiwanda cha Vlisco cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, kinauza nguo hizo Afrika mpaka leo. Shangazi yangu akivaa wax ya Kiholanzi anasema amevaa kiafrika. Anasema kweli pia. Nani atamvua?

Delft haikuanguka kwa sababu ya kuiga. Ilianguka kwa sababu ya chai. Mwaka 1710 kiwanda cha Meissen huko Ujerumani kilianza, baada ya Wazungu hatimaye kuvumbua siri ya kauri yenyewe. Halafu miaka ya 1760 Josiah Wedgwood wa Staffordshire akatoa vyombo vya rangi ya malai, vyepesi, imara, rahisi bei. Chombo cha bati kina ugonjwa wake wa kuzaliwa: mwili na ngozi havitoki mama mmoja. Ukimimina chai ya moto, mara kinapasuka. Ukigonga ukingo, ngozi inabanduka na udongo unachungulia. Kiwanda baada ya kiwanda kikafunga. Kufikia katikati ya karne ya 19 kilibaki kimoja tu, Chupa ya Kauri, kilichoanza mwaka 1653. Joost Thooft alikinunua mwaka 1876 na kukifufua, lakini kwa udongo mweupe mgumu wa aina ya Kiingereza, wenye glezi angavu. Kwa hiyo hata buluu ya Delft iliyofufuliwa haikuwa tena ile ya bati. Na vile vijisahani vyenye kinu cha upepo wanavyonunua watalii Amsterdam? Geuza uone. Vingi vimetengenezwa Uchina.

Huku kwetu bakuli lilipata maisha mengine kabisa. Wajenzi wa pwani hawakujaribu kuliiga. Walilipachika ukutani. Msikiti mkuu wa Kilwa ulitiwa bakuli za glezi kwenye kuba zake, Mambrui pana nguzo ya kaburi iliyopachikwa bakuli za Ming, na nyumba za Lamu zina zidaka, vile vishubaka vya plasta ukutani, vilivyopangwa kauri ili mgeni azione akiingia. Karne ya 19 zikaja sahani za viwandani za Maastricht, Uholanzi tena, zenye maua yaliyogongwa kwa sponji, nazo zikapandishwa ukutani pamoja na za Ming bila ubaguzi. Mwenye nyumba alitaka uzuri wa sahani. Ukoo wake hakuuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye magofu ya Kunduchi, daladala halafu miguu. Makaburi ya nguzo yamesimama kwenye vichaka, chokaa imekuwa ya kijivu. Mahali penye sahani pana matundu ya duara. Sahani nyingi zilikwisha kung'olewa na watu. Lililobaki ni alama tu, duara ya ukubwa wa kiganja, na ukitia kidole unahisi chokaa imeshika umbo la mgongo wa chombo, mpaka kile kikuku cha chini cha kusimamia. Nilikaa pale kama saa nzima. Nilikuwa na hadithi yangu mwenyewe mkobani ya kusahihisha, na sikuitoa.

Narudi kwa mshikaji wetu. Nimeisoma tena ile hadithi ya kigeni aliyoambiwa kaikopi. Ni kweli, mtu anarudi, hakuna anayemkumbuka. Lakini katika ile ya kigeni hakuna mama anayemkaribisha mgeni chakula na kumwambia habari za mwanawe aliyepotea, huku mwanawe mwenyewe ndiye anayekula. Hiyo ni ya jamaa yetu. Ilikuwa ukurasa wa tatu, na aliyesema "kopi" alisema kabla hajautafakari, na sisi tuliocheka pia. Kulikuwa na makosa; mwanzo ni mrefu mno, na yule mwenyekiti wa kijiji aondolewe.

Nimeulizia. Karatasi bado anazo, hajazichoma kama tulivyosikia. Anakaa Mbagala, kwa kaka yake, anauza vocha. Jumamosi napanda daladala kwenda huko.